Kabla ya Kumletea Mtoto Bata



Safari hii tuzungumze juu ya bata. Wazazi wengi hupenda kumnunulia mtoto vifaranga wa bata ili apate kitu cha kutunza. Ni jambo jema, kwani bata humzoea upesi anayemlisha, naye ni mgumu kwa magonjwa kuliko kuku. Lakini mara nyingi vifaranga hao hufa wote kabla ya mwezi kwisha. Mtoto hulia, na wazazi husema ni baridi, au ni jicho la watu. Yafaa kwanza kuchungulia ndani ya kopo la chakula.

Tuna desturi ya kuchambua mahindi: mazuri yanakwenda mashineni, yaliyoota ukungu wanatupiwa ndege. Mahindi na karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Miongoni mwa wanyama wa kufugwa, kifaranga wa bata ni mmoja wa wale wanaodhurika upesi zaidi. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000, na vifaranga wa bata pia, baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Ni vifo hivyo vilivyowafanya wataalamu waitafute sumu hii mpaka wakaitambua.

Basi vifaranga wakifa, tuliangalie gunia lile lile tunalotoa unga wa ugali wetu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Hapa Tanzania, mwaka 2016, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuosha hakutoshi, na moto wa jikoni hauiondoi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, mpaka yakauke kabisa, na magunia yawekwe juu ya chaga. Yaliyooza yafukiwe. Kuyauza kwa mpika pombe, kama wengine wafanyavyo, ni kumpelekea jirani sumu.

Kifaranga wa bata apewe chakula cha vifaranga kilicho kikavu na kisicho na harufu ya uvundo. Aongezewe dagaa waliosagwa au chachu kidogo, kwa sababu anahitaji vitamini iitwayo naiasini kuliko kifaranga wa kuku. Akiikosa, miguu hulegea na kupinda. Majani mabichi yaliyokatwakatwa anayapenda sana.

Si lazima kuchimba bwawa. Bata huridhika na beseni ambalo kichwa chake kinaweza kuzama, apate kuosha macho na matundu ya pua. Kwa vifaranga weka chombo kifupi chenye mawe ndani wasije wakazama. Wasio na mama wasiachwe kuogelea katika majuma ya kwanza, maana huloa na kufa kwa baridi. Maji yabadilishwe kila siku, nayo yasimwagwe karibu na kisima. Tusifuge bata mmoja peke yake, hunyong'onyea. Dume mmoja anatosha kwa majike wanne au watano.

Bata wetu wa kawaida, yule mwenye vinundu vyekundu usoni, huatamia siku 35. Bata wa aina nyingine huangua kwa siku 28, na kwa sababu hiyo wako watu waliotupa mayai mazima wakidhani yameharibika. Subirini.

Banda la bata liwe mbali na la kuku. Bata anaweza kubeba kideri bila kuonyesha dalili yoyote, kisha kuku wote wakaisha. Kuku wachanjwe.

Sasa kuhusu watoto wenyewe. Bata mwenye afya nzuri huweza kuwa na vijidudu vya salmonela katika kinyesi na manyoya. Kwa hiyo bata asiingie jikoni wala chumba cha kulala, na mtoto asimbusu hata akimpenda namna gani. Baada ya kumshika anawe mikono kwa sabuni. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asiachiwe kazi ya kusafisha banda. Mayai ya bata yachemshwe mpaka kiini kigande. Yasiliwe mabichi, wala yasichanganywe na maziwa kwa ajili ya mgonjwa au mama aliyejifungua, kama wengine wanavyoshauri.

Mtoto akiharisha na kupata homa, apewe maji yenye chumvi maalumu ya kuharisha na apelekwe zahanati mapema, hasa kama kinyesi kina damu. Mweleze mganga kwamba nyumbani mna bata.