Shamba ni la nani? Somo juu ya kutunza kumbukumbu



Miaka michache iliyopita nilikaa chini ya mti na familia mbili za Kivu ya Kusini zilizogombania shamba moja. Mama mjane aliyerudi kutoka ukimbizini alisema kwamba marehemu mume wake alilitolea mbuzi wawili. Kijana aliyekuwa akililima alitoa karatasi yenye muhuri wa kijiji. Mama hakuwa na karatasi, kwani nyumba yake iliungua na vyote vilivyokuwamo. Kijana naye hakuwa mwongo: alinunua kweli, lakini kwa mtu asiye mwenye shamba.

Tulitafuta mashahidi wa zamani. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu tulimpata katika kambi nyingine, mwendo wa siku mbili. Yeye ndiye aliyetuonyesha mahali ulipopandwa mti wa mpaka, na kisiki chake kilikuwa bado kipo. Je, kama mzee yule naye angekuwa amekufa? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

1. Wazee wetu walitunza kumbukumbu bila kalamu

Tusidhani kwamba babu zetu hawakuwa na kumbukumbu. Kwa Waluba wa Katanga kulikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi wenye shanga na michoro. Mtu aliyefundishwa katika chama cha Mbudye aligusa shanga zile huku akisimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Mbali sana nasi, huko Peru, Wainka walifunga mafundo kwenye kamba zinazoitwa khipu ili kuhesabu watu na kodi. Na hapa kwetu Bushi, aliyepewa shamba alitoa kalinzi, yaani ng'ombe au mbuzi kwa mwami au mwakilishi wake, mbele ya mashahidi.

Desturi hizi zina nguvu moja: watu wengi wanajua na wanakubali. Lakini zinamtegemea mtu anayekumbuka. Vita ikiwatawanya mashahidi, kalinzi inabaki kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine.

2. Karatasi inasaidia, lakini haitoshi peke yake

Katika nchi yetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Watu wengi wa vijijini hawana cheti hicho. Barua ya kijiji si cheti, lakini ni ushahidi unaoweza kusaidia kwenye mapatano.

Karatasi nayo hupotea. Katika Timor ya Mashariki, mwaka 1999, madaftari mengi ya ardhi yaliharibiwa katika ghasia. Mwaka ule ule huko Kosovo, madaftari ya ardhi yalichukuliwa yakapelekwa Serbia, na waliobaki walihangaika kuthibitisha mali zao.

Majirani zetu wa Burundi wanatupa mfano mzuri. Waliokimbia mwaka 1972 walirudi baada ya miaka mingi, wakakuta watu wengine kwenye mashamba yao. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 2011 inaruhusu tarafa kutoa hati. Kabla ya hati kutolewa, kamati inakwenda shambani na kuonyeshwa mipaka mbele ya majirani. Hapo karatasi na shahidi vinakutana.

Nchini Kolombia, sheria namba 1448 ya mwaka 2011 ilimfikiria aliyehamishwa na vita. Yeye huleta ushahidi mdogo alio nao, na anayempinga ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alilipata shamba kwa haki. Majirani wa zamani huchora pamoja ramani ya kijiji chao kama walivyokiacha. Kazi hiyo hata sisi tunaweza kuifanya.

3. Tahadhari: orodha inaweza kuua

Huko Rwanda, tangu miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji uliandika kwenye vitambulisho kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, neno hilo moja lilitosha mtu auawe kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo, anayetengeneza orodha yoyote kambini ajiulize: ikiangukia mikononi mwa mwenye silaha, itafanya nini?

4. Tufanye nini tukiwa kambini?

- Watu wa kijiji kimoja wakae pamoja, wanawake kwa wanaume, wachore ramani ya kijiji: mito, njia, miti ya mipaka na majirani wa kila shamba.
- Kila familia iandike shamba lilipatikana lini, kwa nani, kwa kalinzi au kwa fedha, na mbele ya nani. Jina la mke liandikwe pamoja na la mume.
- Nakala ziwe tatu, mahali tofauti.
- Kabila lisiandikwe.
- Anayepinga asikilizwe, na neno lake liandikwe pia.
- Mtoto aliyezaliwa kambini aandikishwe kwa ofisa wa hali ya raia ndani ya siku 90. Kwa sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto, uandikishaji ndani ya muda huo ni bure. Cheti hicho kitamsaidia kesho kuonyesha kwamba ni mtoto wa mwenye shamba.

Familia zile mbili zilipatana. Kijana aliachiwa muda avune muhogo wake, kisha mama akarudishiwa shamba, na aliyeliuza akakubali kurudisha fedha kidogo kidogo. Tuliandika mapatano katika nakala tatu, wakatia vidole. Baadaye wote walikwenda kupanda mti mpya wa mpaka, na watoto wa pande zote mbili wakaitwa watazame.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, nani bado anajua mipaka ya mashamba? Yuko wapi leo?
2. Kumbukumbu zetu za kambi zinatunzwa na nani? Tunamwamini kwa sababu gani?
3. Mjane au yatima asiye na shahidi atasaidiwaje?