Kimbunga: Jinsi Kizaliwavyo, na Hasara Yake kwa Mikarafuu

Kila mkulima amepata kuona kisulisuli kikipita uwanjani, kikirusha mavumbi na majani makavu, kisha kikatoweka. Kimbunga si kisulisuli kilichokua. Ni kitu cha namna nyingine, nacho huzaliwa baharini.

Jua likiisha kuipasha bahari hata maji yakafikia kadiri ya digrii 27 za Sentigredi, mvuke mwingi hupanda. Huko juu mvuke hugeuka mawingu na mvua, na katika kugeuka hutoa joto lake. Joto hilo huifanya hewa izidi kupanda, na hewa nyingine huvutwa kutoka pande zote ijaze mahali pake. Kwa kuwa dunia yazunguka, hewa hiyo haiji moja kwa moja, bali hupindwa, ikazunguka kama pia. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo; ndiyo sababu vimbunga ni nadra Unguja na Pemba.

Lakini nadra si kusema kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na kuangamiza meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba, isiyo mbali, iliokoka. Na baada ya hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Lindi nayo ilipigwa tarehe kama hiyo, mwaka 1952.

Mpunga ulioharibika hupandwa tena msimu ufuatao. Mkarafuu hungojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa. Tena mbegu yake haiwekwi ghalani kama mahindi: ikikauka hufa upesi. Asiye na miti iliyosimama hana mbegu. Basi usipande mikarafuu yako yote upande mmoja wa kilima. Na shamba la muhogo usiliache, kwa kuwa upepo ukivunja mashina, mizizi hubaki ardhini na watoto hula.

Katikati ya kimbunga pana utulivu, hata jua laweza kuonekana. Usitoke kwenda kutazama shamba, maana upepo hurudi kwa ghafula kutoka upande wa pili. Ukiisha kabisa, anza na miche iliyolala: isimamishe siku ile ile mizizi ingali mibichi, ifukie udongo, uifunge kwenye mambo.