Hukumu ya Kurudisha Kitu chenye Ila: Mas-ala ya Gari Jipya Lisilotengenea

Alhamdu lillahi Rabbil-alamin, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ametuandikia ndugu yetu mmoja, mtu wa mwambao huu, ambaye leo makao yake yako California katika Marekani, akitaka tumfahamishe hukumu ya jambo lililomsibu. Asema alinunua gari jipya la mizigo, na gari hilo ndilo jembe lake; kwalo apata riziki ya watoto wake na kidogo cha kumpelekea mamake huku kwetu. Haikutimia miezi mitatu gia zikaanza kukwama gari likiwa njiani limebeba mzigo. Akalirudisha kwa wakala aliyemuuzia, likakaa karakana siku tisa, akapewa akaambiwa limepona. Baada ya majuma mawili ugonjwa ukarudi ule ule. Mpaka siku aliyotuandikia limekwisha kuingia karakana mara nne, na siku alizozikosa zimepita thelathini. Mwenziwe amempa shauri alioshe vizuri, ampelekee mnunuzi mwingine siku ile ile litokapo karakana, kabla halijakwama tena. Auliza: Je, ana haki ya kulirudisha na kupewa fedha zake? Na shauri la mwenziwe lafaa?

Tutaanza na swali la pili, kwani jawabu lake ni fupi: halifai. Imepokewa kwa Uqba bin Amir, radhi za Mungu zimshukie, ya kuwa Mtume, sala na amani zimshukie, amekataza Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye ila pasi na kumbainishia. Na kisa cha chungu ya nafaka wengi wakijua: Mtume alitia mkono wake ndani ya chungu sokoni, vidole vikakuta umaji, mwenyewe akajitetea kwa mvua, Mtume akamuuliza kwa nini asiliweke juu lile lililoroa watu wakaliona. Basi kuosha gari ili ugonjwa wa gia usionekane ni kuliweka kavu juu na bichi chini. Wala haisemwi, "Mimi nami nimedanganywa," kwani huyo mnunuzi wa pili siye aliyekudanganya. Ama akimweleza kila kitu, mara nne zile na sababu yake, na yule akaridhika kwa bei wanayopatana, hapo biashara ni sahihi.

Sasa turejee swali la kwanza. Jua ya kuwa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamemthubutishia mnunuzi hiari katika kila ila inayopunguza thamani ya kitu, au inayomkosesha makusudio yake ya haki, ikiwa kawaida ya vitu vya jinsi ile ni kusalimika nayo. Na gari jipya kawaida yake ni kutembea. Illa wameshurutisha ila iwe ilikuwako kabla mnunuzi hajakipokea kitu mkononi mwake. Hapa ndipo wakala hushika neno, akasema, "Tulipokupa gari lilikuwa zima, umelitembeza maelfu ya maili, ndipo likaharibika." Jawabu yake imo vitabuni tangu zamani: ila iliyotokea baada ya kupokea, nayo imetokana na sababu iliyotangulia, hukumu yake ni ya ile iliyotangulia. Gia zikiwa zimeundwa vibaya kiwandani, kukwama kwake mwezi wa tatu ni tunda la mti uliokwisha kupandwa. Na kule kurudi kwa ugonjwa ule ule baada ya kila matengenezo ni dalili yenye nguvu ya kuwa asili yake ni kiwandani, si mkono wa dereva.

Iko shuruti nyingine iliyo nzito, nayo ni haraka. Katika madhehebu yetu, mwenye kujua ila akakaa kimya bila udhuru, haki yake imeanguka. Haraka yenyewe hupimwa kwa ada: aliyejua yumo katika sala au chakula amalize, na aliyejua usiku angoje asubuhi. Tena huwajibika kuacha kukitumia. Wamesema hata mwenye kumwachia mnyama tandiko lake mgongoni baada ya kujua ila, haki yake imebatilika, kwa kuwa huko ni kunufaika naye. Wakamsamehe mtu mmoja tu, aliyempanda mnyama mkaidi asiyeswagika wala kukokoteka, akampanda ili amrudishe kwa mwenyewe. Ndugu yetu ataona mfano wake: kuliendesha gari kwenda kwa wakala si kosa, lakini kubebea mizigo ya watu huku ukisema "nalirudisha" ni kosa.

Je, zile safari za baina ya matengenezo zimemharibia? Sisi twaona hazikumharibia. Kila mara aliambiwa gari limepona, naye akasadiki. Na mwenye kudhani ila imeondoka hakuridhika na ila. Isitoshe, hati ya dhamana aliyopewa yamtaka alete gari litengenezwe kwanza, na Waislamu wako juu ya masharti yao maadamu hayahalalishi haramu. Ama baada ya mara ya nne hana tena la kudhani. Alisimamishe. Twajua neno hili ni zito kwa mtu ambaye gari ndilo mlo wake, na wenzetu Mahanbali wamepanua zaidi katika habari ya muda, wasimlazimishe haraka. Lakini hata kwao, kutumia kwenye kuonyesha ridhaa huvunja hiari.

Ama kanuni ya nchi anayokaa, imekaribia fikihi kuliko watu wanavyodhani. Jimbo la Connecticut lilitangulia mwaka 1982 kuweka kanuni ya magari mapya yenye ila, na California ikaiongezea kanuni yake ya dhamana ya mwaka 1970 mambo ya namna hiyo. Huko, mtengenezaji akishindwa kuliponya gari baada ya majaribio ya kiasi cha haki, ni juu yake kulinunua tena au kutoa jingine, na mnunuzi hawezi kulazimishwa kupokea jingine badala ya fedha. Majaribio huchukuliwa kuwa yametosha ikiwa, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, lolote litakalotangulia, ila moja imetengenezwa mara 4 au zaidi. Au mara 2 ikiwa ni ila ya kuhofiwa kuua au kujeruhi vibaya. Au gari limekaa karakana siku zaidi ya 30 kwa kuzijumlisha. Gari la biashara nalo huingia, maadamu uzito wake uliokadiriwa pamoja na mzigo haufiki ratli 10,000 na mwenyewe hana magari zaidi ya matano yaliyoandikishwa katika jimbo lile. Basi ndugu yetu na atazame kibandiko cha uzito mlangoni kabla ya jambo lolote.

Asitosheke na kusema na wakala. Amwandikie mtengenezaji mwenyewe, kwani kitabu cha gari kikieleza hivyo, majaribio yale hayahesabiki mpaka mtengenezaji apate habari moja kwa moja. Na kama yako mabaraza ya usuluhishi yaliyokubaliwa na serikali, apite huko kwanza. Kila karatasi ya karakana aiweke, yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, maili, na maneno ya malalamiko yake kama alivyoyasema. Asikubali kupokea gari bila karatasi kwa sababu fundi amesema hakuona kitu.

Katika kurudishiwa fedha, kanuni hiyo humkata mnunuzi matumizi yake: bei huzidishwa kwa maili alizotembea kabla ya kulileta mara ya kwanza kwa ila hiyo, kisha hugawanywa kwa 120,000. Gari la dola 48,000 lililoletwa likiwa na maili 6,000 hukatwa dola 2,400. Kwetu sisi haikatwi kitu, kwani Mtume alihukumu, katika hadithi ya Bibi Aisha, ya kuwa pato la kitu ni la yule ambaye kingalipotea hasara ingalikuwa yake. Na gari lingeungua ndani ya miezi ile, hasara ilikuwa ya mnunuzi. Lakini mtu ana ruhusa ya kusamehe sehemu ya haki yake, basi akipokea kilichosalia hana dhambi.

Na ninyi mlioko huku msione haya ni ya Marekani tu. Wanunuzi wetu wengi hununua magari yaliyotumika, yaliyotoka Japani, na muuzaji huandika katika risiti kuwa gari lauzwa lilivyo na yeye hadaiwi ila. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, sharti hilo humwokoa muuzaji katika ila ya siri ya mnyama asiyoijua, kwa kuwa mnyama hula akanenepa huku ana maradhi ndani. Gari si mnyama. Mwenye kujua kuwa injini yanywa mafuta akajificha nyuma ya maneno ya risiti, risiti haitamfaa.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ameuliza habari ya vyuma vya kufungia turubai alivyovitia mwenyewe juu ya gari: avitoe au aviache? Wanazuoni wamelizungumza hili katika mnyama aliyepigwa njumu na mnunuzi. Ikiwa kuzing'oa hakumdhuru mnyama, azing'oe, ni mali yake. Ikiwa kutaharibu kwato, amrudishe nazo wala asidai thamani yake, kwani akizing'oa huwa ametia ila mpya, naye hawezi tena kumlazimisha muuzaji kumpokea. Vyuma vilivyofungwa kwa parafujo avifungue. Vilivyounganishwa kwa moto aviache.