Njia Rahisi na Hewa Nyepesi: Somo kutoka Njia ya Marangu, Kilimanjaro

Miongoni mwa njia zinazopanda Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu husifiwa kuwa rahisi kuliko nyingine. Imetengenezwa vizuri, haina mahali panapohitaji kamba, na wapandaji hulala katika nyumba badala ya mahema. Hapana shaka kwamba sifa hiyo ni ya haki kwa upande wa miguu. Kwa upande wa mapafu na ubongo, hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Makala haya yanaeleza hatari hiyo hutokana na nini, na jinsi mwalimu wa fizikia au wa biolojia anavyoweza kuifanya somo.

Ulaini wa njia

Lango la Marangu liko kwenye kimo cha mita 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari. Mpandaji hulala usiku wa kwanza Mandara, karibu mita 2,700. Usiku wa pili Horombo, karibu mita 3,700. Na usiku wa tatu hupumzika kwa saa chache Kibo, karibu mita 4,700, kabla ya kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mwendo wa kilomita 10 hivi. Kwa hiyo, kwa wastani, kila mita 10 za mwendo humpandisha mtu mita 1 tu. Ngazi za jengo lolote la shule zina mwinuko mkali kuliko huo.

Hapa ndipo penye mtego. Kwa kuwa njia haimchoshi sana, mtu mwenye afya aweza kupanda mita 1,000 kwa siku moja bila taabu, akafika kituoni akiwa bado na nguvu. Miguu yake imeweza. Lakini viungo vyake vya ndani havijapata muda wa kufanya kazi yao.

Kinachopungua katika hewa

Yafaa kwanza kusahihisha kosa linalotokea mara nyingi madarasani, yaani kusema kwamba mlimani hewa ina sehemu ndogo zaidi ya oksijeni. Sehemu ya oksijeni haibadiliki: ni asilimia 21 hivi Dar es Salaam na asilimia 21 hivi kileleni Uhuru. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yote, kwa sababu kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa iliyobaki juu yake inavyokuwa haba na uzito wake kuwa mdogo.

Pwani, kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Mandara ni takriban milimita 555, Horombo 495, Kibo 435, na kileleni 375, yaani karibu nusu ya ile ya pwani. Lakini hasara ya mwili ni kubwa kuliko nusu. Hewa inapopita puani na kooni hupata joto la mwili na kujaa mvuke wa maji, na kanieneo ya mvuke huo ni milimita 47 popote mtu alipo. Mvuke hauna habari na kimo. Hudai fungu lake lile lile hata hewa inapokuwa kidogo. Basi kanieneo ya oksijeni katika hewa inayoingia mapafuni pwani ni (760 − 47) × 0.21, yaani milimita 150. Kileleni ni (375 − 47) × 0.21, yaani milimita 69 tu.

Mwili unavyojirekebisha

Katika mishipa mikubwa ya shingoni mna vinundu vidogo vinavyopima oksijeni ya damu. Oksijeni inapopungua, vinundu hivyo huuarifu ubongo, na mtu huanza kupumua kwa wingi zaidi, hata akiwa ameketi. Pumzi hizo huleta oksijeni, lakini pia huondoa kaboni dayoksaidi kwa wingi. Kwa kuwa kaboni dayoksaidi huipa damu sehemu ya uasidi wake, damu huelekea upande wa alkali, na hali hiyo huuamuru ubongo kupunguza kupumua. Mwili hujikuta umevutwa pande mbili: amri moja yasema pumua zaidi, nyingine yasema pumua kidogo.

Wanaosuluhisha ugomvi huu ni figo. Huitoa alkali iliyozidi, hasa bikaboneti, kwa njia ya mkojo, na breki ya kupumua hulegea pole pole. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, wala haiharakishwi na ushujaa au mazoezi ya viungo. Mwanariadha hodari aweza kuugua wakati mwenzake mnene na mzito wa mwendo anaendelea salama.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba anayeokolewa mlimani huokolewa na ongezeko la chembe nyekundu za damu. Ni kweli kwamba figo hutoa homoni ya kuchochea utengenezaji wa chembe hizo mapema baada ya mtu kufika juu, lakini ongezeko lenye manufaa huhitaji majuma kadhaa. Safari ya kawaida ya Marangu ni ya siku 5 au 6. Kwa hiyo anayemsaidia mpandaji ni pumzi na figo, si damu mpya.

Kanuni na njia

Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, kimo cha mahali anapolala kisizidi kile cha usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku 3 au 4 apumzike siku moja bila kupandisha malazi. Kutoka Mandara hadi Horombo, na kutoka Horombo hadi Kibo, ni mita 1,000 kila siku. Njia iliyo rahisi kwa miguu inakwenda kwa mwendo maradufu ya ule unaoshauriwa kwa mwili. Ndiyo maana yafaa kuongeza usiku wa pili Horombo: mchana wapandaji hutembea hadi miamba yenye mistari kama ya pundamilia, iliyo juu ya kituo, kisha hurudi kulala pale pale. Kinachohesabiwa zaidi ni kimo cha kulala, kwa sababu usingizini pumzi hupungua na oksijeni ya damu hushuka zaidi.

Uwanda wa Shira, upande wa magharibi wa mlima, hutoa mfano ulio wazi zaidi. Ardhi yake karibu ni tambarare, na barabara ya magari hupanda hadi juu ya mita 3,000. Mgeni aweza kushuka garini na kutembea kama aliye uwanjani, kisha usiku akashangaa kuumwa kichwa.

Dalili

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Aghalabu huonekana saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Kwa hiyo uzima wa alasiri si ushahidi wa uzima wa usiku. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe. Mtu akihema hata akiwa amepumzika, huenda maji yanajaa mapafuni. Akishindwa kutembea katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, huenda ubongo umevimba. Hali hizi mbili huua. Dawa ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku, wala asishuke peke yake.

Mwalimu anayepeleka wanafunzi aweza kupata somo zuri bila kufika mbali: kwenda Mandara na kreta ya Maundi iliyo karibu, kisha kurudi siku hiyo hiyo. Kwa wanaoendelea juu, wahenga walikwisha kusema: mwenda pole hajikwai.

Mazoezi

1. Tafuta kanieneo ya oksijeni katika hewa inayoingia mapafuni mtu akiwa Horombo.

2. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi pwani, lakini Kibo huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Eleza kwa nini maharage hayaivi upesi huko.

3. Chupa tupu ya plastiki imefungwa kwa kizibo huko Kibo, kisha ikateremshwa hadi Moshi. Itakuwa na umbo gani, na kwa sababu gani?

4. Panga ratiba ya kutoka Mandara hadi Kibo inayofuata kanuni ya mita 500. Zinahitajika siku ngapi zaidi, na pangehitajika kujengwa vituo vingapi vipya?