Kumtumaini Mungu Pasipo Kujua Sababu

Somo: Yohana 13:1–11, Ayubu 2:11–13 na 42:7

Wapendwa wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa mitaa mnaoamshwa usiku kwenda nyumba za msiba, somo hili ni kwa ajili yenu. Someni kwanza habari ya Bwana Yesu alipowaosha wanafunzi wake miguu. Petro ashangaa, auliza, tena akataa. Bwana hampi maelezo. Amwambia tu kwamba jambo hili halijui sasa, ila atalifahamu baadaye. Tena angalieni: Bwana hakungoja mpaka Petro afahamu ndipo amwoshe. Alimwosha, na Petro akakaa pale, miguu yake mikononi mwa Bwana, hali akili yake bado i gizani. Hakuijua sababu, lakini alimjua yeye aliyemshika miguu.

Katekisimo Ndogo ya Luther, katika sehemu ya tatu ya Imani, yatufundisha kwamba mtu hawezi kumjia Kristo kwa akili zake wala kwa nguvu zake, ila kwa kuitwa na Roho Mtakatifu. Tulilikariri fundisho hilo tulipokuwa watoto wa kipaimara, na wengi wetu tulidhani lahusu siku ya kuanza kuamini tu. Lakini akili ambayo haikutosha kutufikisha kwa Kristo siku ya kwanza haitatosha kutuweka kwake siku ya kuzika.

Naandika hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Nilipokuwa mwalimu kijana katika mtaa mmoja wa Usambara, niliitwa nyumbani kwa mama aliyefiwa na mtoto wake kwa homa ya siku tatu. Yalikuwa majira ya ukungu, watu wameketi kimya kuuzunguka moto. Kimya kile kikanilemea. Nikaona ni haya mwalimu kukaa bila neno. Basi nikasema, “Mama, usilie. Mungu alimpenda mtoto huyu kuliko sisi, ndiyo maana amemchukua.” Yule mama akaniinulia macho, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, alikuambia lini?”

Sikuwa na jibu. Na leo sina.

Nilipata kujua baadaye kwamba kabla yangu alikuwa amefika jamaa yake mmoja na shauri jingine: waende kwa mganga kupiga ramli, wapate kumjua mtu aliyemwua mtoto. Shauri lile nililikemea kwa ukali Jumapili iliyofuata. Lakini moyo wangu haukutulia, kwani naliona kwamba mimi na yule jamaa tulikuwa tumeleta nyumbani mle bidhaa moja. Yeye alikuja na sababu, nami nilikuja na sababu, wala hapana hata mmoja wetu aliyeambiwa. Yeye alikuwa tayari kumtaja jirani. Mimi nilimtaja Mungu. Yeye angaliwasha chuki kati ya nyumba mbili kwa miaka mingi. Nami nilitaka kumfundisha mama kwamba Mungu huwaangalia watoto wetu ili awanyang'anye. Ndugu zangu, yatupasa tukiri kwamba iko ramli ya kupigwa kwa Biblia mkononi, na mara nyingi wapigaji ni sisi waalimu.

Tumtazame Ayubu. Rafiki zake watatu walipomjia, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wasimwambie neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Hapo hawakukosa. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini. Maneno yao mengi yalikuwa mazuri, yangeweza kuhubiriwa. Hata hivyo mwisho wa kitabu Mungu awakasirikia wao, wala si Ayubu aliyelia na kuuliza. Na jambo moja hupita machoni petu tusomapo upesi: Ayubu mwenyewe hakuambiwa sababu. Sisi wasomaji tumekwisha kuisoma habari ya baraza la mbinguni katika sura mbili za kwanza, yeye hakuisikia. Mungu alisema naye juu ya misingi ya dunia na nyota na wanyama wa mwituni, asimwambie habari ya wanawe waliokufa. Ayubu alitulia kwa sababu amemwona Mungu mwenyewe.

Sasa niwakumbushe habari inayotuhusu sisi watu wa milima hii. Misioni iliyoanza kazi Mlalo mwaka 1891 ilisaidiwa sana na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli, huko Bielefeld katika Ujerumani. Jina hilo la Betheli lilipewa hata kituo cha Mtae, pale milima inapokatika ghafula na mtu aona nyika ya Mkomazi chini ya miguu yake. Huyo Bodelschwingh alikuwa mchungaji wa usharika wa Dellwig, naye mwezi wa Januari mwaka 1869 alizika watoto wake wanne katika muda wa majuma mawili. Hakubaki hata mmoja. Mwaka 1872 akaitwa Bielefeld kuwatunza wenye kifafa, watu ambao wengi waliwaogopa na kuwaficha. Kutoka katika kazi hiyo walitoka mashemasi waliokuja hata kwetu Lutindi, mahali palipoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nimewahi kusikia habari hii ikihubiriwa hivi: Mungu aliwachukua wale wanne ili Betheli ipate kuwako. Siikubali. Nani aliyemwambia mhubiri? Bodelschwingh mwenyewe alisema kwamba siku zile alitambua jinsi Mungu awezavyo kuwa mgumu kwa wanadamu, na kwa hiyo akajifunza kuwahurumia wengine. Hakusema amefumbuliwa fumbo. Aliendelea na fumbo lake moyoni, na mikono yake ikafanya kazi iliyokuwa mbele yake.

Ndivyo walivyofanya hata wazee wetu. Mwaka 1916 vita vilipofika Usambara, utawala wa Wajerumani ulikoma, na baadaye wamisionari wao wakaondolewa nchini, wasiruhusiwe kurudi mpaka mwaka 1925. Waalimu na wazee wa shariki walioachwa hawakujua kama kuna atakayerudi. Walipiga kengele Jumapili, wakafundisha watoto, wakazika wafu.

Lakini nisieleweke vibaya. Kutojua sababu si kukatazwa kuuliza. Zaburi ya 13 yauliza mara nne, hata lini. Zaburi ya 88 yaanza kwa kilio na kuishia gizani. Na Bwana wetu msalabani aliuliza kwa nini. Mama anayemwuliza Mungu bado asema naye. Wala kutojua si kisingizio cha kulegea katika mambo tunayoyajua. Mtoto ana homa, na mama asema, “Mapenzi ya Mungu,” akamweka ndani. Huko si kumtumaini Mungu. Ampeleke Bumbuli, au zahanati iliyo karibu, na hiyo siku ile ile, kwani homa ya malaria humwua mtoto mdogo upesi. Siri za Mungu tumwachie yeye, ila njia ya hospitali si siri.

Mwaniuliza, basi mwalimu aseme nini katika nyumba ya msiba? Aseme machache. Aseme yale aliyoambiwa kweli: kwamba Kristo alikufa akafufuka, na mtoto huyu tulimbatiza kwa jina lake. Akiulizwa sababu, aseme, “Sijui.” Neno hili halimwondolei mwalimu heshima. Kisha akae, asiondoke upesi.

Mimi nilirudi kwa yule mama siku ya tatu. Sikuwa na hotuba. Nilichanja kuni kidogo pamoja na shemeji zake, tukaketi. Jua lilipokuwa karibu kuchwa, akaniambia, “Mwalimu, siku ile ulikuwa na kitabu. Nisomee mahali ambapo mtu analia.” Nikamsomea Zaburi ya 13, nayo ni fupi. Nilipomaliza akanyamaza kitambo, akasema, “Rudia pale mwanzo.”