SOMO LA WIKI: Bei ya kweli ya kipimo cha sukari iko kwenye stripu

Bidhaa inayojadiliwa wiki hii haimo katika orodha ya bei za mahindi, mchele na maharage ambayo wasomaji wa ukurasa huu wameizoea. Ni vifaa vya kupimia sukari katika damu. Hata hivyo, ni bidhaa yenye soko kubwa na linalokua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa hawajagundulika. Kila anayegundulika anaweza kuwa mnunuzi wa vifaa hivi kwa miaka mingi.

Kosa linalofanywa na mnunuzi, na mara nyingi na muuzaji pia, ni kutazama bei ya mashine. Bei inayostahili kutazamwa ni ya kipimo kimoja kinachotoa jibu sahihi. Anayelikosea hilo dukani hupoteza fedha. Mgonjwa anayechoma insulini akilikosea, anaweza kupoteza maisha.

Mashine ni chambo

Mashine ya kwanza ya aina hii ilitoka Marekani mwaka 1970, ikitengenezwa na kampuni ya Ames. Ilikuwa na uzito unaozidi kilo moja, iliuzwa kwa mamia ya dola na ilikusudiwa kutumiwa na madaktari. Mwaka 1987 ikatoka mashine ndogo ya ExacTech, yenye umbo la kalamu, iliyopima kwa njia ya umeme mdogo unaotokana na damu kukutana na kimeng'enya kilichopakwa kwenye stripu. Teknolojia hiyo ndiyo iliyoenea.

Kadiri mashine zilivyozidi kuwa ndogo na rahisi kutengeneza, faida ilihamia kwenye stripu. Kila stripu hutumika mara moja na kutupwa, na kwa kawaida mashine ya kampuni moja haikubali stripu za kampuni nyingine. Mwenye duka la fotokopi anaujua mchezo huu vizuri. Mashine huja mara moja, bali wino hununuliwa kila siku. Ndiyo maana baadhi ya makampuni huuza mashine kwa bei ya hasara au huigawa bure, kisha hurudisha fedha yao polepole.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano wa kufundishia, ambao bei zake si bei za soko la leo. Mgonjwa anapima mara mbili kwa siku, yaani mara 730 kwa mwaka. Atahitaji pakiti 15 za stripu 50.

Mashine A inauzwa sh. 30,000/= na pakiti ya stripu zake ni sh. 50,000/=. Kwa mwaka wa kwanza mgonjwa atatumia sh. 780,000/=.

Mashine B inauzwa sh. 70,000/= na pakiti ya stripu zake ni sh. 30,000/=. Kwa mwaka wa kwanza mgonjwa atatumia sh. 520,000/=.

Mashine iliyoonekana ghali kwa sh. 40,000/= imemwokolea mnunuzi sh. 260,000/= ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe, "Stripu 50 ni shilingi ngapi, na mwezi ujao zitakuwepo?" Mashine ambayo stripu zake zimeadimika ni pambo la mezani, hata kama ilitolewa zawadi.

Ukubwa wa pakiti nao una hesabu yake. Baadhi ya stripu hutakiwa kutumika ndani ya miezi mitatu tangu kichupa kifunguliwe. Mgonjwa anayepima mara tatu kwa wiki atatumia kama stripu 39 katika muda huo, na 11 zitakuwa za kutupa. Pakiti ya sh. 30,000/= kwake si ya sh. 600/= kwa kipimo bali ni ya sh. 769/=. Pakiti ndogo ya stripu 25 kwa sh. 18,000/= ingemgharimu sh. 720/= kwa kipimo, na asingetupa hata moja. Muuzaji anayeweka pakiti za aina zote mbili anamtendea haki mteja wake, na mteja huyo atarudi.

Rahisi si lazima iwe mbovu

Wapo wanaoamini kwamba jina kubwa na bei kubwa ndiyo dhamana ya ubora. Mwaka 2018 chama cha teknolojia ya kisukari cha Marekani, Diabetes Technology Society, kilitoa matokeo ya majaribio ya mashine 18 zilizokuwa zimeruhusiwa kuuzwa nchini humo. Mashine 6 tu ndizo zilizofaulu kipimo cha usahihi kilichowekwa. Miongoni mwa hizo sita zilikuwemo zenye chapa za maduka ya kawaida, Walmart na CVS, ambazo huuzwa kwa bei nafuu.

Kipimo cha kimataifa kinachotumika ni ISO 15197 cha mwaka 2013. Kinataka angalau majibu 95 katika kila 100 yasipishane na jibu la maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Mnunuzi atafute maandishi hayo kwenye boksi au karatasi ya maelezo. Pia aulize kama bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya nchi. Kwa Tanzania hiyo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Bei inayoshangaza kwa udogo, hata hivyo, iamshe shaka. Mwezi Oktoba 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha wananchi juu ya stripu bandia zilizoigizwa kwa jina la OneTouch. Ikiwa bandia ziliweza kupenya katika soko lenye ukaguzi kama lile, mnunuzi wa mzigo usio na risiti hana sababu ya kujiona salama. Alinganishe namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kichupa. Zikipishana, auache mzigo huo.

Joto, unyevu na tarehe

Stripu ni kama chachu, inaweza kuharibika bila kubadilika sura. Kimeng'enya chake huharibiwa na joto na unyevu. Stripu nyingi huandikwa zisihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi, na msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga hahitaji kuambiwa kwamba mchana wa Januari hupita hapo. Duka la bati lisilo na feni, boneti ya gari, na kabati la kioo linalopigwa na jua la alasiri, yote ni maadui wa mtaji.

Wengine huziweka kwenye friji pamoja na insulini wakidhani wanazitunza. Insulini ambayo haijafunguliwa ina masharti yake ya baridi, lakini stripu ina yake. Kuitoa na kuirudisha kwenye friji huleta umande ndani ya kichupa. Inatosha kuiweka mahali pakavu penye kivuli, katika kichupa chake chenye kifuniko kilichobana, na kufuata maandishi ya mtengenezaji.

Mfano wa pili unamhusu muuza duka. Amepewa pakiti 100 kwa sh. 22,000/= kila moja, zikiwa zimebakiza miezi sita kabla ya kuisha muda. Mzigo wa pili ni pakiti 100 kwa sh. 25,000/=, zikiwa na miezi 18. Anauza pakiti 10 kwa mwezi kwa sh. 30,000/=. Kwa kuwa mteja mwaminifu anahitaji angalau miezi miwili ya kuzitumia, mzigo wa kwanza una miezi minne tu ya kuuzika. Atauza pakiti 40 na kupata sh. 1,200,000/=, wakati alitoa sh. 2,200,000/=. Amepoteza milioni moja kwa kukimbilia punguzo la sh. 3,000/=. Mzigo wa pili utamalizika kwa miezi kumi na kumpa sh. 500,000/= kabla ya kutoa gharama za duka.

Kishawishi kitakachomjia mwenye mzigo wa kwanza ni kuuza hata zilizopita tarehe. Hapo ndipo biashara inapogeuka kuwa hatari. Stripu iliyoharibika ikionyesha sukari iko juu wakati haiko, mgonjwa atajichoma insulini asiyoihitaji. Sukari ikishuka sana anaweza kuanguka, kupoteza fahamu na kufa. Hakuna faida ya pakiti moja inayolingana na hilo.

Tarakimu mbili kwa jibu moja

Mashine zinazoletwa na ndugu kutoka nje zina mtego mwingine. Afrika Mashariki hospitali nyingi husoma sukari kwa milimoli kwa lita, ilhali Marekani husoma kwa miligramu kwa desilita. Milimoli 7.0 ya hapa ni miligramu 126 ya kule. Kubadili, zidisha milimoli kwa 18. Mgonjwa aliyezoea kuona 7 akiona 126 anaweza kupatwa na hofu bure. Muuzaji aeleze jambo hili kabla ya kupokea fedha.

Aidha, jibu baya si kosa la stripu kila mara. Kidole kilichotoka kumenya embe kitatoa sukari ya embe, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Upungufu wa damu nao unaweza kufanya mashine nyingi zionyeshe sukari kubwa kuliko ilivyo. Jibu lisipolingana na hali ya mgonjwa, arudie kupima, na kisha aende kituo cha afya. Mashine nyingi zina maji maalumu ya kuhakikia kama zinasoma vizuri. Duka linalouza mashine bila kuwa na maji hayo limeuza nusu ya bidhaa.

Stripu isiyohitajika ndiyo ghali kuliko zote

Si kila mwenye kisukari anahitaji kupima kila siku. Anayechoma insulini hana budi kupima mara kwa mara. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada, uliochapishwa mwaka 1993, ulifuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa karibu, kupima kukiwa sehemu ya udhibiti huo, walipunguza uwezekano wa kupata madhara ya macho kwa asilimia 76. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, uliohusu wagonjwa 450 wa aina ya pili wasiotumia insulini, haukuona tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja kati ya waliopima kila siku na wasiopima nyumbani. Ratiba ya kupima ipangwe na daktari. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa aulize kwanza kliniki, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mpango wa kuwapatia watoto insulini na vifaa bila malipo. Vifaa vya mpango huo si vya kuuzwa, na mfanyabiashara anayevinunua kwa mlango wa nyuma anamnyang'anya mtoto.

Fundisho kwa mwenye mtaji

Julai 2013 bima ya wazee ya Marekani, Medicare, ilianza kutumia bei za zabuni kwa vifaa vinavyotumwa kwa posta. Bei ya stripu na sindano 100 za kutobolea kidole ilishuka kutoka wastani wa dola 77.90 hadi dola 22.47, yaani kwa takriban asilimia 71. Anguko hilo lilionyesha ni kiasi gani cha bei ya awali hakikuwa gharama ya kutengeneza. Miaka iliyofuata wakubwa walianza kuuza biashara zao. Bayer ilitangaza kuuza yake mwaka 2015, na Johnson & Johnson ikauza LifeScan mwaka 2018 kwa dola bilioni 2.1. Huku nyuma, vifaa vya kubandika mwilini vinavyosoma sukari mfululizo viliingia sokoni, FreeStyle Libre ya Abbott ikianza Ulaya mwaka 2014.

Lakini zabuni hiyo ina upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Diabetes Care uliangalia maeneo 9 yaliyofanyiwa majaribio ya zabuni mwaka 2011. Ulieleza kwamba upatikanaji wa stripu uliyumba kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko kwingineko, na kwamba walioyumba walilazwa na kufariki kwa wingi zaidi. Bei ya chini isiyoambatana na mzigo wa uhakika haimsaidii mgonjwa.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa hapa, nafasi iko katika uhakika huo. Achague aina mbili au tatu zilizosajiliwa na ambazo muagizaji wake ana mzigo wa kudumu. Aandike katika daftari tarehe ya kila toleo, na zinazoisha mapema ziuzwe mapema. Aweke kipimajoto cha sh. chache ukutani. Ajue wateja wake wananunua lini ili rafu isiwe tupu siku hiyo.

Mgonjwa naye, kabla ya kufungua pochi, aulize maswali matano: stripu moja ni shilingi ngapi, inaisha muda lini, ikifunguliwa inakaa muda gani, imesajiliwa, na mwezi ujao itapatikana hapa. Muuzaji anayeyajibu yote matano bila kubabaika ndiye wa kununua kwake, hata kama jirani yake anauza mashine kwa nusu ya bei.