Nyayo za Mfungwa Aliyevushwa Bahari

Katika somo la Historia muhula uliopita, mwalimu alituuliza: "Mtu aliyekufa zamani sana, tena maskini na mwizi, atajulikanaje leo?" Darasa zima tulinyamaza. Nimelipata jibu katika habari za Uingereza na Australia, nami nawaletea ninyi wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kutoka shuleni.

Tangu 1788 hata 1868, Serikali ya Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, wengi wao kwa wizi. Mmoja alikuwa mtoto wa kike wa London, Mary Wade, aliyekuwa akifagia njia na kuombaomba. Haya, tumfuate.

Kwanza, tazama kitabu cha mahakama. Humo twasoma ya kuwa Januari 1789 Mary na mwenzake walihukumiwa kufa kwa kumnyang'anya mtoto mdogo nguo zake. Baadaye adhabu iligeuzwa, akahamishwa.

Pili, tazama orodha ya merikebu. Mary alichukuliwa na Lady Juliana, iliyofika Sydney Juni 1790. Jihadhari na majina yanayofanana: linganisha umri, merikebu na tarehe.

Tatu, tazama daftari za Serikali kule alikofika: vyeti vya ruhusa, misamaha, ruhusa za ndoa. Kisiwani Tasmania makarani waliandika hata kimo cha mfungwa, rangi ya macho yake na makovu yake.

Nne, vitabu vya kanisa: ubatizo, ndoa na mazishi. Mary alizaa watoto 21, akafa 1859. Katika kizazi chake alitoka Kevin Rudd, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia mwaka 2007.

Zamani Waaustralia wengi waliwaficha wazee hao kwa aibu. Siku hizi wengi huwatafuta kwa bidii. Jambo hilo lilinichoma moyo. Nyumbani kwetu, baba yake babu alifungwa wakati wa ukoloni kwa kukosa kodi, na jina lake halikutajwa mbele yetu watoto. Likizo iliyopita nilimwomba bibi anisimulie. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, lete kalamu." Tuliandika kurasa sita.

Basi, msomaji, Mary aliandikwa na makarani. Wazee wetu wengi hawakuandikwa na mtu. Daftari yao ni vinywa vya walio hai. Waulize mapema.